Kilichofukiwa Uani

Bi Hortensia Villca alifika kukagua nyumba yake Jumatatu saa mbili asubuhi, saa ambayo alijua fika kwamba Severina yuko jikoni na masufuria mawili ya api motoni. Alikuja na daftari, kalamu sikioni na futi ya fundi. Hakuketi. Kikombe cha api alichowekewa mezani, uji ule mtamu wa mahindi meusi ambao miaka ishirini alikuwa akiunywa huku akijilamba, alikiacha kikapoa mpaka kikatanda ngozi juu.

"Shika hapo, komadre," alisema, akimpa Severina ncha ya futi. "Shika vizuri, usilegeze."

Basi Severina akapiga magoti uani, na sketi yake pana ya marinda ikaburura vumbi, akashika ncha ya futi iliyokuwa ikipima hasara yake mwenyewe. Karibu na karo la kufulia, vigae vyekundu vilikuwa vimedidimia na kupasuka. Ukimwaga maji hapo yalipotea chini kwa mlio wa kunywewa.

"Mbili kwa moja na nusu," Bi Hortensia aliandika. "Na bomba la maji machafu limepasuka chini. Fundi amenihesabia. Dola elfu mbili."

"Elfu mbili za nini?"

"Za ua. Karatasi yetu inasema mpangaji atairudisha nyumba kama alivyoipokea. Kwa hiyo nitakurudishia sita."

Severina alimtazama usoni akitafuta utani. Walikuwa wametaniana tangu enzi wanauza bidhaa meza moja pale sokoni, wote wawili hawana hata mwavuli.

"Komadre, hapa palichimbwa kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Bi Hortensia alifunga daftari. "Mimi nimeokoka. Mambo ya kufukiafukia nimeachana nayo."

"Wakati ule ulikuwa hujaokoka."

"Wakati ule aliyekuwa anaishi humu ni wewe," alisema Bi Hortensia, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. Akavuta futi, na ule utepe wa chuma ukachomoka vidoleni mwa Severina na kumkwaruza.

Nyumba ile Severina na mumewe waliipata kwa antikretiko, kama nusu ya mji wa Oruro inavyoishi: unampa mwenye nyumba fungu zima la fedha, unakaa miaka yako bila kodi, na siku ya kutoka anakurudishia fungu lako lote. Fungu la Severina lilikuwa dola elfu nane, kiinua mgongo alichopewa mumewe, Gumercindo, mgodi ulipomrudisha nyumbani na mapafu yaliyojaa vumbi. Mikataba ya namna hiyo hupelekwa kwa msajili, ikapigwa mihuri. Wa kwao haukupelekwa. Ni Severina aliyemkata nywele za kwanza Wilmer, mtoto pekee wa Bi Hortensia, na kwa watu wa huku aliyekata nywele za mtoto ni mzazi wake wa pili, madrina wake, na wale wazazi wawili ni makomadre mpaka kaburini. Makomadre wapelekane kwa msajili kama watu wasiojuana? Waliona aibu. Waliandika karatasi moja ya daftari la shule, wakatia sahihi, wakala kuku.

*

"Nenda kachimbe," alisema Gumercindo mchana huo. Alikuwa ameketi juani, kofia usoni, mtungi wa hewa ya oksijeni kando yake. "Kopo limo. Litoe, umpe mkononi mbele ya walokole wenzake. Tuone atasema nini."

"Na Wilmer?"

"Wilmer ana mama yake."

Aliyasema hayo akitazama pembeni. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuingia mgodini bila kwanza kumwekea mzimu mwenye mgodi majani yake ya koka na sigara yake, na kama kuna mtu aliyejua kwamba kilichotolewa hakirudishwi, ni yeye.

Binti yao, Delsy, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, aliingia akiwa bado na sare nyeupe. "Mama, nieleze vizuri. Kuna nini hasa humo ndani?"

Severina alimweleza. Miaka mitano iliyopita Wilmer alipokwenda Chile kuendesha malori ya shaba jangwani, Bi Hortensia alilia wiki nzima. Mwishowe alimleta mganga hapa, kwa sababu hii ndiyo nyumba alimozaliwa mwanawe. Uani pakachimbwa shimo. Mganga akaweka kijusi cha mnyama lama kilichokaushwa na kuvikwa sufu za rangi, akaweka peremende, koka, mafuta. Kisha akasema anayekwenda mbali aachwe nyumbani sehemu yake, ili Mama Ardhi amjue ni nani wa kumrudisha. Bi Hortensia akaleta kopo la biskuti. Ndani alitia picha ya Wilmer na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaweka na jina lake chini.

"Basi huo si ushahidi?" Delsy alipiga viganja. "Mwandiko wake, jina lake! Tunangoja nini?"

"Kikifukuliwa, mtoto anabaki hana kinga."

"Mama! Mimi namhurumia Wilmer, lakini Wilmer ana mishahara miwili na meno ya dhahabu. Baba anapanda ngazi tatu anakuwa wa bluu. Unataka tumpeleke wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa kaa la moto mikononi mwa Severina. Nyuma ya hospitali kulikuwa na vyumba viwili vya chini, vina maji, vina jua la asubuhi, na mwenyewe alitaka dola elfu nane kamili kabla ya Ijumaa. Kwa elfu sita kulikuwa na vyumba viwili vya juu kilimani, mwisho kabisa wa mji, ambako hata gari la kuleta mitungi ya hewa linakataa kupanda.

"Mganga mwenyewe atoe ushahidi," alisema Delsy, sauti imeshuka.

"Amekufa."

"Wilmer, basi."

"Mwenye kutambikiwa haambiwi. Akijua, imeharibika."

Delsy alivua viatu vyake vyeupe, akavitazama soli. "Mambo yenu haya," alisema, "kila mlango mmeufunga wenyewe."

*

Kwenye ofisi ya usuluhishi Jumanne, karani alimwona Bi Hortensia na suruali yake ya kitambaa, akamvutia kiti. Severina, na marinda yake ya kienyeji na mtandio wake wa kubebea mizigo mgongoni, alionyeshwa benchi la korido. Alipoitwa ndani, karani alimsukumia kisahani cha wino.

"Kidole gumba hapa, mama."

"Naweza kusaini."

"Ah. Wengi hawawezi, ndiyo maana." Na kisahani akakiacha palepale, karibu na mkono wake, kwa muda wote wa kikao.

Msuluhishi, Bi Tapia, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua na subira. Alisoma karatasi ya daftari la shule mbele na nyuma. Akaiweka mezani taratibu.

"Mliishi miaka mitano kwa hii?"

"Sisi ni makomadre," walisema wote wawili kwa pamoja, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Bi Hortensia alikuwa amekuja na ndugu Abdías, mzee wa kanisa lake, mtu safi, kola imenyooshwa, Biblia kwapani. Watu wa mtaani walisema Bi Hortensia ameahidi mbele ya waumini kuezeka paa la kanisa, na ahadi imefika tarehe. Huenda ni kweli. Yeye mwenyewe, ungemuuliza siku ile, angekuapia kwamba anadai haki ya ua wake tu, na nadhani angeamini anachosema.

"Tambiko lilikuwa lako?" aliuliza Bi Tapia.

"Mimi?" Alimtupia jicho ndugu Abdías. "Mimi ni mtoto wa Mungu, mheshimiwa. Huyu ndiye anayefukiza ubani kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Muulize. Muulize kama hafukizi."

"Nafukiza," alisema Severina. "Nafukiza kwa ajili ya mwanao, kwa sababu wewe unakaa mbali na ulinipigia magoti."

"Sijawahi kumpigia binadamu magoti."

"Hortensia."

Ndugu Abdías alikohoa kwa adabu, akasema dada huyu ametoka gizani na si vizuri kumrudisharudisha huko. Bi Tapia alimwomba atulie, hajaulizwa.

"Mama Severina, unaweza kuthibitisha?"

Vidole vya Severina vilikuwa vikikunja pindo la mtandio. Alifikiria ngazi tatu, na midomo ya mumewe inavyobadilika rangi. "Kuna kopo," alisema. "Kuna karatasi ndani, kwa mwandiko wake."

Rangi ya uso ilimtoka Bi Hortensia mpaka masikioni, lakini mafua ya Bi Tapia yalimshughulisha na hakuona.

"Basi njia ni fupi," alisema msuluhishi baada ya kupenga kamasi. "Alhamisi saa nne tunafukua mbele yangu. Kopo likiwemo, ua ni juu ya mwenye nyumba na mpangaji anapata elfu nane zake zote. Lisipokuwemo, mpangaji analipa. Na atakayezuia kufukua, naandika kwamba yeye ndiye amebeba hasara. Asiyetaka hivyo, mahakama iko ghorofa ya juu, miaka mitatu, na wakili wenu mtamlipa wenyewe. Mmekubali?"

Severina alimtazama komadre wake. Alikuwa amempa upenyo wazi kabisa wa kukiri kabla ya kufukua. Neno moja tu lilitakiwa.

"Wachimbe," alisema Bi Hortensia, haraka haraka.

*

Jumatano alasiri Severina alikuwa akikaanga maandazi ya jibini kwenye kibanda chake simu ilipolia. Ilikuwa Wilmer, kutoka upande wa pili wa mpaka.

"Madrina! Nasikia harufu ya mafuta mpaka huku."

"Wewe mwongo wewe. Umekula?"

"Nimekula vumbi. Sikiliza, kesho usiku napakia, napeleka mzigo mpaka bandarini. Nikimaliza huo wananipa likizo, nakuja. Mwambie Don Gume aniandalie kiti juani."

"Njia ikoje?"

"Njia ni njia. Wiki iliyopita mwenzangu alipinduka pale kwenye kona za chumvi. Yule Mchile, nilikutumia picha yake. Sahani yake bado iko kantini, hakuna anayetaka kuiondoa." Kisha akacheka, maana yeye hawezi kukaa na jambo zito zaidi ya dakika moja. "Mimi wananiita paka. Breki zimenikatikia mara mbili, mara mbili nimetua juu ya mchanga. Sijui kwa nini, madrina. Wanasema nimelogwa kwa wema."

Mafuta yalikuwa yakichemka na andazi moja lilishaungua. Severina alilitoa, akaliweka pembeni.

"Mama hajambo?" aliuliza Wilmer. "Siku hizi ananisomea mistari tu kwenye simu. Mnaonana?"

"Tunaonana. Kesho atakuja hapa nyumbani."

"Afadhali. Kaeni pamoja, mimi nikiwaza mko pamoja nalala vizuri."

"Endesha polepole," alisema Severina. "Ukisikia usingizi, simama. Hata kama bosi anapiga kelele, simama."

"Ndiyo, madrina."

Alipokata simu wateja wawili walikuwa wanangoja, na mmoja akamuuliza kama moshi umemwingia machoni. Akasema ndiyo.

*

Alhamisi upepo wa Oruro ulikuwa mkali, ule unaokausha midomo mpaka ipasuke. Bi Tapia alifika na skafu mbili. Ndugu Abdías alisimama langoni, asikanyage karibu na shimo. Bi Hortensia alisimama katikati ya ua, mikono kwapani, na hakumsalimu mtu. Gumercindo alitolewa nje na mtungi wake, akaketishwa ukutani. Delsy alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku.

Fundi Policarpio aling'oa vigae vizima kwanza, akavipanga ukutani kwa uangalifu. Kisha akasimama, sururu begani, akawatazama wenye mambo yao.

"Mimi sichimbi hivi hivi," alisema.

"Umelipwa uchimbe," alisema Bi Tapia.

"Nimelipwa nichimbe, sikulipwa nikosane na aliye chini." Akatoa kichupa mfukoni, akamwaga matone ardhini, akanywa kidogo, akakirudisha. Ndugu Abdías aligeuka akatazama barabara. Ndipo sururu ikashuka.

Udongo wa juu ulikuwa mwekundu na mlaini, umelowa kwa maji ya bomba. Shibiri moja. Shibiri mbili. Kisha ukabadilika, ukawa mweusi, wenye vipande vya mkaa na harufu ya mafuta ya zamani. Policarpio alipiga polepole zaidi. Ncha ya sururu ilitoka na uzi wa sufu, rangi ya waridi, bado mbichi mbichi kana kwamba umefumwa juzi.

"Nimefika," alisema. "Kitu kiko hapa chini. Shibiri moja hivi."

Gumercindo alivua kofia, akaiweka magotini.

Severina hakuwa anatazama shimo. Alikuwa anamtazama Hortensia. Midomo ya komadre wake ilikuwa ikicheza, na haikuwa sala ya kanisa, maana hiyo wenzake huisema kwa sauti na mikono juu. Lilikuwa jina, mara nyingi, upesi upesi, jina lilelile. Sema, Severina alimwomba moyoni. Sema ni lako, tukae chini tunywe api. Sitakucheka. Mbele ya watu wote hawa nitasema nilikosea mimi.

"Niendelee?" aliuliza Policarpio.

"Endelea," alisema Bi Hortensia, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Endelea."

Fundi akainua sururu.

Severina alipoeleza baadaye, alisema hakuamua kitu. Aliona tu sahani mezani kwenye kantini, mahali asipopajua, na hakuna anayetaka kuiondoa.

"Basi," alisema. "Fukia."

"Mama!" Delsy alimshika mkono. "Mama, shibiri moja tu! Moja!"

"Mama Severina," alisema Bi Tapia, akimsogelea. "Unaelewa ninachopaswa kuandika? Kwamba wewe ndiye uliyezuia."

"Andika."

"Ni dola elfu mbili."

"Najua kuhesabu, mheshimiwa. Nauza maandazi."

Bi Tapia alimtazama kwa muda, kisha akamgeukia Bi Hortensia, akamtazama yeye kwa muda mrefu zaidi. Hakuwa mjinga. Lakini uso haupigiwi muhuri, na mwanamke yule hakufungua mdomo. Msuluhishi akaweka karatasi juu ya goti akaanza kuandika.

Policarpio hakutaka kugusa tena. Alichukua vifaa vyake akasema vigae watafute mwingine. Ndipo Gumercindo akainuka, akajitoa mrija puani, akaliokota koleo. Alirudisha udongo mwenyewe, mweusi kwanza, mwekundu juu yake, akipumzika kila baada ya makoleo mawili, na mkewe hakumzuia. Delsy alilia kwa hasira, huku akimhesabia baba yake mapigo ya shingo kwa macho.

Malipo yalifanyika palepale jikoni. Noti sitini za dola mia, alizihesabu ndugu Abdías, akilowesha kidole. Noti moja ilikuwa na kona iliyokatika na Severina aliikataa. Ilibidi wamngoje Bi Hortensia atafute nyingine ndani ya mkoba, na wote waliona kwamba mkobani zilibaki nyingi. Severina akatia sahihi, jina lake lote, herufi kwa herufi.

Wengine walipotoka, Bi Hortensia alichelewa mlangoni. Alijifanya anatafuta glavu.

"Komadre," alisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya zamani. "Kesho ni Ijumaa ya kwanza."

Severina alikuwa anaosha vikombe.

"Pamefunuliwa pale. Mama Ardhi atakuwa amekasirika. Na Wilmer leo usiku yuko njiani." Alichungulia langoni. "Wewe unajua maneno. Nimekuwa... ndugu wakiniona, komadre, siwezi. Unaelewa siwezi. Mwagie kidogo tu. Nitakupa kitu."

"Chupa iko nyuma ya mlango," alisema Severina, bila kugeuka. "Ubani uko kwenye kopo la chumvi. Mwage mwenyewe."

Severina alisikia chupa ikiguswa, kioo kikigonga ukuta. Langoni ndugu Abdías aliita kwa upole, "Dada Hortensia? Gari linangoja."

Chupa ikarudishwa chini. Viatu vikavuka ua, vikiuzunguka ule udongo mbichi kwa mbali, vikatoka.

*

Ijumaa asubuhi mwenye vyumba vya nyuma ya hospitali alimpigia Delsy kumwambia amepata mtu mwingine, mwenye elfu nane taslimu, wasione vibaya. Saa tatu lori dogo lilikuja. Vitanda viwili, jiko la gesi, masufuria ya api, kiti cha Gumercindo, mitungi yake iliyofungwa kamba ili isigongane. Dereva alisema atawafikisha mpaka kwenye tangi la maji, kilima kinachobaki wapande kwa miguu, na Gumercindo akajibu kwamba yeye ana siku nzima.

Saa nne kasoro ujumbe uliingia kwenye simu ya Severina. Picha ya bahari, kijivu, na meli, na kidole gumba cha Wilmer kimeziba nusu yake. *Nimefika madrina. Nilisinzia kidogo kwenye kona za chumvi nikasimama kama ulivyosema.* Aliusoma mara mbili. Akamwonyesha mumewe, naye akarudisha simu, na mkono wake ulibaki juu ya mkono wa mkewe.

"Funguo umempa nani?" aliuliza Delsy kutoka juu ya lori.

"Natundika ndani. Nakuja."

"Mama. Usiniambie unakwenda kumfanyia tena." Macho ya Delsy yalikuwa bado mekundu ya jana. "Baada ya alichotufanyia? Bure?"

"Keti, ukashike mtungi wa baba yako."

Ua ulikuwa mtupu, na ulionekana mdogo. Severina alipiga magoti kwenye udongo ambao mumewe alikuwa ameusawazisha kwa koleo, akaweka kaa la moto juu ya kigae kilichovunjika, akatia ubani. Moshi ulilala kwanza, kisha ukapanda. Akafungua chupa.

Wakati wa kumwaga, mtu hutajwa kwa jina lake na jina la aliyemzaa, ili Mama Ardhi asikosee mlango. Kila mwezi, miaka mitano, Severina alikuwa akisema, "Wilmer Anselmo, mwana wa Hortensia." Siku hiyo alisema jina la kwanza, akakwama. Nje dereva alipiga honi. Akajaribu tena, na tena akakwama palepale.

"Wilmer Anselmo," alisema mwishowe, "mwanangu," na akamwaga chupa nzima.